Kamioneti Iliyolala Chini ya Muembe: Tuiamshe ao Tuiache?

Maneno yaliyosemwa mbele ya watu wa vijiji vilivyo nyuma ya migodi



Leo sikuja kusema juu ya mahindi, wala juu ya mihogo. Nimekuja kusema juu ya chuma. Musishangae. Mutu wa kilimo ana haki ya kusema juu ya chuma, kama chuma kile kinataka kula feza ya mahindi.

Munajua ninataka kusema juu ya chuma gani. Ni kamioneti ile iliyolala chini ya muembe. Mipira yake imekufa, majani yamepita katika sakafu, kuku wanataga mayai juu ya kiti cha dereva. Watoto wanacheza ndani, wanafanya moteri kwa midomo yao. Wakubwa wanapita, wanaitazama, na kila mutu anasema katika moyo wake: «Kama hii ingewaka, tungefika sokoni.» Tena sasa mavuno yamekwisha kuuzwa, feza iko katika nyumba, na nimesikia kwamba fundi mumoja wa muji amekwisha kuitwa. Ndiyo sababu nimefanya haraka kufika.

Magari kama haya yametoka wapi? Wazee wanajua, vijana wasikie. Union Minière ilianza kazi mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910. Ndio muji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966. Mwaka 1967 serikali ilichukua kazi ya Union Minière, ikawa kampani ya inchi, ile iliyoitwa baadaye Gécamines. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Kisha mugodi wa Kamoto ukaanguka ndani mwaka 1990, uporaji ukapita katika miji mwaka 1991, na mwaka 1994 shaba yote ya mwaka muzima haikufika tani 50,000. Kazi ikipunguka namna ile, nani atanunua piesi? Motokari iliyovunjika inaegeshwa. Motokari iliyoegeshwa inang'olewa pompi ili nyingine itembee kidogo. Halafu mutu anaipata kwa bei ya mbuzi wawili, anaivuta mpaka kijijini kwake, anasema: «Nitaitengeneza.» Miaka inapita. Nyingine ni Land Rover, nyingine ni Peugeot 404 ao 504, nyingine ni Toyota Hilux ao Land Cruiser ya muzigo. Zilikuwa motokari nzuri. Hata leo, maiti ya Hilux inapendwa na mafundi kuliko nyingine, kwa sababu piesi zake zinapatikana hata katika soko la muji mudogo. Hilo ni neno la kukumbuka: kamioneti ambayo piesi zake hazipatikani karibu, hata ikiwa nzuri, ni jiwe.

Sasa nitawaambia kosa langu mimi mwenyewe.

Zamani kidogo nilikuwa monita katika kijiji kimoja. Jina lake sitalisema, kwa sababu watu wake wameteseka vya kutosha. Walikuwa na kamioneti kama hii yenu. Katika mwezi wa nane walikusanya feza. Wengine walitoa feza ya mavuno iliyobaki, lakini wengi walitoa feza ile waliyoweka kwa mbegu na mbolea. Fundi alikuja, alikaa siku 9, alikula kuku 6. Siku ya kumi moteri iliwaka. Ilitoa moshi mweusi, halafu moshi wa buluu, halafu ikasimama vizuri kwa sauti yake. Mama walipiga vigelegele. Na mimi, monita, mutu wa kupewa mushahara ili niwafikirie, nilipiga mikono pamoja nao. Sikuuliza neno.

Kamioneti ilitembea majuma matatu. Katika juma la nne, njiani, na mifuko 28 juu yake, maji yalichemka. Dereva aliongeza maji ya mutoni, akaendelea. Yalichemka tena. Kulasi ya moteri ilipasuka. Tulipofungua radiateri tuliona udongo mukavu ndani, kama nyumba ya mchwa. Hakuna mutu aliyeisafisha, kwa sababu feza yote ilikwenda kwa rangi, kwa mipira na kwa batri mupya. Rangi ilikuwa nzuri sana, nyekundu.

Mvua ilipofika, mwezi wa kumi na moja, hawakuwa na mbolea. Walipanda mahindi katika udongo ule ule ulio choka, na mbegu waliyochagua katika gunia la chakula. Mahindi yalitoka manjano, yakabaki mafupi. Katika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata nilipita nyumba kwa nyumba, nikakuta mihogo peke yake katika sahani, asubuhi na jioni. Mama mumoja aliniambia: «Monita, ile rangi nyekundu haipikwi.» Sikuwa na jibu.

Basi munaelewa sababu gani sitaki kupiga mikono mara ya pili. Lakini vilevile sisemi kwamba kila kamioneti ya zamani ni ya kutupwa. Nasema tuipime kwanza, kwa macho na kwa hesabu.

Tuanze na mwenyewe, maana ni hapa watu wengi wanakosea. Hii kamioneti ni ya nani? Musinijibu: «Ya kijiji.» Kijiji hakinunui motokari. Kuna mutu aliyeinunua, ao kampani iliyoiacha, ao mufanyabiashara aliyesema atarudi. Motokari iliyokufa haina mwenyewe. Siku inawaka, wenyewe wanafika watatu, na kila mumoja na karatasi yake. Kwa hiyo tafuteni karte roze. Namba iliyopigwa katika chuma cha shasi lazima iwe sawasawa na namba ya karatasi, herufi kwa herufi. Kama chuma kimekula kutu mahali pa namba, piga brosi taratibu, usipige tupa, kwa sababu namba iliyotupwa tupa inafanana na namba ya wizi. Kama karatasi hakuna, nendeni kwanza kwa ofisi ya serikali mukaulize njia ya kupata nyingine na bei yake. Mufanye hivyo kabla ya kununua hata buji moja. Na mwenye kamioneti, kama anaishi, aandike mbele ya mashahidi kwamba ameiuza ao ameitoa. Neno la mudomo linakufa pamoja na mutu.

Karatasi zikiwa vizuri, tutazame chuma chenyewe.

Watu wanakimbilia moteri. Ni vibaya. Moteri inaweza kubadilishwa na moteri nyingine. Kitu cha kwanza ni shasi, zile mbao mbili ndefu za chuma zilizo chini, zinazobeba yote. Lala chini na nyundo ndogo, ugonge toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Chuma kilichooza kinajibu kama boga. Gonga zaidi mahali resori zinaposhikwa, na juu ya magurudumu ya nyuma, kwa maana udongo unajificha pale na kulinda maji. Kama turnavisi inaingia ndani ya shasi kama katika jibini la wazungu, kazi imekwisha, simameni pale. Fundi atasema: «Nitaweka kipande na suduri.» Kipande kitashika, lakini chuma chembamba kilicho karibu na suduri kitapasuka siku ya muzigo mukubwa, na siku ile kutakuwa watu juu.

Kabla ya kulala chini yake, wekeni magogo manene chini ya shasi. Musiamini mawe, musiamini kriki peke yake. Fungueni milango kwa fimbo ndefu: nyoka wanapenda baridi ya chuma, na nyuki wanapenda sanduku la mulango.

Sasa moteri. Kamioneti iliyolala miaka mingi, pistoni zake zinashikana na silinda kwa kutu. Musiivute kwa kamioni nyingine ili ishtuke. Mutavunja kile kilichokuwa kizima. Toeni buji, ao enjekteri kama ni ya mazutu. Mwageni katika kila tundu kijiko kimoja ao viwili vya mafuta safi ya moteri yaliyochanganywa na mazutu kidogo. Ngojeni siku tatu, ine, hata juma. Halafu, matundu yakiwa wazi, shikeni bulo kubwa iliyo mbele ya moteri kwa ufunguo murefu, muzungushe kwa mukono, pole pole, upande wake wa kuzunguka. Kama inazunguka mara mbili kamili bila kugonga, kuna tumaini. Kama inasimama pahali pamoja kila mara, musilazimishe. Na musirudishe buji mbele ya kuzungusha, kwa maana mafuta yaliyobaki juu ya pistoni hayakubali kukandamizwa, yatapinda chuma.

Fungueni mafuta ya zamani chini. Yakitoka meusi, ni kazi ya kawaida. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia ndani, na kulasi lazima ifunguliwe.

Moteri nyingi za mazutu za Hilux za zamani, zile za L na 2L, zina mukanda wa mupira wenye meno ndani, unaofunga saa ya moteri. Kiwanda kinasema ubadilishwe kila kilometa 100,000. Mukanda uliokaa miaka kumi bila kutembea haufai, hata ukionekana muzuri kwa macho. Ukikatika wakati moteri inazunguka, pistoni na valvu vinapigana, na munarudi kwa mwanzo. Bei ya mukanda ni ndogo. Usimwache fundi aseme: «Tutauona baadaye.»

Radiateri nimekwisha kuwaambia, na nitasema tena, kwa sababu ndiyo ilituua. Ing'oeni. Mwageni ndoo ya maji juu: maji lazima yatoke chini kwa nguvu, kama munaigeuza ndoo yenyewe. Yakitoka kwa matone, radiateri imefungwa.

Freni zinakuja mbele ya moteri, si nyuma. Nimeona mafundi wanaoamsha moteri siku ya kwanza ili wapate sifa na feza ya nusu, halafu freni zinabaki «kwa juma lijalo». Kamioneti isiyowaka haiui mutu. Kamioneti inayowaka bila freni, munaelewa. Bomba za freni zilizo na kutu zibadilishwe zote, na mipira midogo ya ndani ya silinda za magurudumu pia.

Kwa mipira ya magurudumu, kuna siri ndogo ambayo wauzaji hawapendi muijue. Pembeni ya mupira, karibu na herufi DOT, kuna namba ine za mwisho. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Mupira ulioandikwa 2309 ulitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2009. Mutu anaweza kuwauzia mupira mweusi wa kungaa, uliopakwa rangi, kumbe ni muzee kuliko mutoto wenu wa shule. Tazameni pia nyufa za pembeni.

Waya za umeme zimekwisha kuliwa na panya, hilo ni hakika, musipoteze wakati kuliuliza. Na tanki: harufu ya esansi ya zamani ni kama ya vernisi, mwageni yote mbali na kisima. Kama tanki limetoboka, musikubali mutu alipige suduri hivi hivi. Tanki tupu la esansi limejaa mvuke, na mvuke unawaka kama bunduki. Wanaume wamekufa namna hii, na tanki lilikuwa «tupu».

Fundi muaminifu anaweza kutazama haya yote kwa siku moja, na mumulipe siku ile moja. Mwambieni: «Kaka, leo tunanunua macho yako, mikono yako tutanunua baadaye.» Akikataa, na kutaka feza ya kazi yote kabla ya kulala chini ya shasi, mumupe chakula, mumusindikize njiani.

Sasa tunafika kwa hesabu, na hapa nataka mama wakaribie, kwa sababu katika mambo ya gunia wanahesabu kuliko sisi.

Sitahesabu kwa franka, maana franka inabadilika kabla ya jioni. Nitahesabu kwa mifuko ya mahindi, mufuko wa kilo 50. Tuseme kijiji kina nyumba 30 zinazouza, kila nyumba mifuko 10. Ni mifuko 300, ni tani 15. Kamioneti inabeba tani moja, ni mifuko 20. Ndiyo, nimeona wanaoweka 35. Nimeona pia resori zao kando ya njia. Mifuko 300 kwa 20 ni safari 15. Tuseme soko liko kilometa 70: kwenda na kurudi 140. Katika njia ya udongo, na muzigo, kamioneti ya mazutu inakula kama litri 14 kwa kilometa 100. Safari moja ni karibu litri 20. Safari 15 ni litri 300. Ulizeni katika siku moja bei ya litri ya mazutu na bei ya mufuko. Tuseme mufuko mumoja unanunua litri 20. Basi mazutu ya mavuno yote ni mifuko 15.

Watu wanasimamisha hesabu pale, wanafurahi: «Mifuko 15 kwa 300, ni kitu gani!» Lakini kamioneti haili mazutu peke yake. Dereva na musaidizi wake, mifuko 8. Mafuta ya moteri, mupira moja ao mbili, freni, resori moja, buloni zinazopotea: tuseme 20, na kwa motokari ya zamani ninasema kidogo. Karatasi za mwaka, asiransi, na mikono yote inayonyooshwa katika barieri, mifuko 10. Jumla ni 53 kila mwaka.

Sasa pembeni yake weka njia nyingine. Mwenye kamioni anayebeba kwa malipo anaomba, tuseme, mifuko 2 kwa kila 20. Kwa mifuko 300 anachukua 30. Ni 30, si 53, na kama moteri yake inapasuka njiani, ni usiku wake yeye asiolala. Njia ya tatu ni munyunuzi anayefika hapa kijijini na kutoa robo tatu ya bei ya muji. Pale munapoteza robo, ni kama mifuko 75.

Sikieni vizuri. Kama kazi ya kamioneti ni kuwaponya kwa munyunuzi yule, inawaokolea 75 kutoa 53, ni mifuko 22 kwa mwaka. Fundi akisema matengenezo yote ni mifuko 120, mutangoja zaidi ya miaka mitano ili feza irudi, na motokari ya zamani haitangoja miaka mitano bila kuugua tena. Akisema 40, mutangoja miaka miwili. Hapo tunaweza kuzungumza. Lakini kama kamioni ya malipo inakubali kufika, haifai hata kwa 40, kwa kuwa kila mwaka munalipa mifuko 23 zaidi kwa sifa ya kuwa na motokari yenu.

Hesabu hii si sheria. Badilisheni namba zangu na muweke zenu. Kama njia ni kilometa 25, mazutu inapunguka. Kama kila juma kuna muzigo wa kwenda na muzigo wa kurudi, chumvi, sabuni, mabati, mbolea ya vijiji vya jirani, basi kamioneti inafanya kazi siku nyingi na gharama ya karatasi inagawanyika. Motokari inayorudi tupu inakula mara mbili. Katika hesabu yangu ya safari 15, imetembea kilometa 2,100 tu katika mwaka, na siku nyingine 350 imelala. Chini ya muembe, kama leo!

Kuna kijiji ambako kamioni haifiki hata kwa malipo, kwa sababu kivuko ni cha magogo na hakichukui tani kumi. Kamioneti inapita. Pale mahindi yanabaki, wadudu wanayala, na hesabu ya kupoteza si robo tena, ni nusu ao zaidi. Kijiji namna hii kina sababu ya kweli ya kuamsha kamioneti yake. Lakini hata pale nauliza: magogo mapya kumi na siku sita za kazi ya watu wote zinaleta nini? Zinaleta kamioni ya mutu mwingine, na feza ya ninyi inabaki mufukoni. Wenye kijiji waamue.

Kuna jambo lingine la majira. Munavuna toka mwezi wa nne mpaka wa sita. Pale njia ni kavu, lakini kila mutu anauza, bei imelala. Bei inapanda katika mwezi wa kwanza na wa pili, wakati watu wa migodi wanatafuta bunga kila pahali. Lakini pale ni mvua, na kamioneti inazama mpaka sakafu. Kamioneti haitawapa bei ya mwezi wa pili. Kinachowapa bei ile ni gala nzuri: imeinuliwa juu ya udongo, miguu yake ina vikombe vya bati ili panya wasipande, na mahindi yaliyoingia ndani yamekauka mpaka yanalia katika meno. Hata kuingiza nusu tu ya mahindi sokoni mwezi wa kumi, mbele ya mvua kufunga njia, kunawapa zaidi kuliko mwezi wa tano. Gala haina karte roze. Hakuna barieri inayoisimamisha.

Na sasa neno ambalo silipunguzi. Feza ya mbegu na ya mbolea haiingii katika moteri. Hata franka moja. Hata «kwa mukopo, tutarudisha mwezi wa tisa». Katika udongo wetu mwekundu, hektari ya mahindi bila mbolea inatoa karibu tani moja, mara nyingi chini. Munajua wenyewe tofauti munayoiona mukiweka 10-20-10 wakati wa kupanda na ure wakati mahindi yamefika magotini. Mbolea inanunuliwa mwezi wa tisa na wa kumi. Muhindi uliokosa ure katika juma lake hausikii samahani. Kama mukiamua kutengeneza kamioneti, feza itoke katika kile kilichobaki baada ya mbegu, baada ya mbolea, baada ya shule ya watoto na dawa. Kama kilichobaki hakitoshi, kamioneti ingoje. Imekwisha kuzoea kungoja.

Wengine wataniuliza: «Monita, na wagonjwa? Mama akishindwa kuzaa usiku, tutamubeba na gala?» Swali hili ni kubwa kuliko hesabu yangu, na siwezi kulijibu kwa mifuko. Nasema tu ninalojua. Kamioneti ya zamani, isiyo na mutu wa kuiangalia kila asubuhi, haiwaki usiku ule wa hitaji. Pikipiki mbili zilizo nzima, na feza kidogo katika kisanduku kwa esansi, zimefikisha mama wengi hospitali. Kama munataka kamioneti kwa wagonjwa, semeni hivyo wazi, na kila nyumba itoe mchango kila mwezi, bila kujidanganya kwamba mahindi yatailipa.

Na tukikuta kwamba shasi imeoza, ama karatasi hazipatikani? Pale kama mwenyewe anakubali, maiti ina kazi. Resori zake ni chuma kizuri kuliko jembe lolote la dukani. Mufua chuma mumoja anaweza kutoa humo majembe, shoka na panga kwa miaka. Chuma cha nyuma pamoja na magurudumu yake mawili kinafanya pusupusu ya nguvu, yenye kubeba mifuko toka shambani mpaka kijijini, kazi ambayo leo iko juu ya vichwa vya mama. Mabati ya nyuma yanafaa kwa gala. Wengine wanataka moteri iendeshe kinu cha kusaga. Inawezekana, lakini moteri ya kamioneti inakula mazutu mingi kwa kazi ile. Moteri ndogo ya silinda moja inafaa zaidi. Batri musiifungue. Risasi iliyo ndani musiiyeyushe kwa moto wa jikoni, wala katika sufuria itakayorudi kwa chakula: moshi wake na vumbi lake vinaharibu akili ya watoto na haviponyeki. Kijiji kile cha rangi nyekundu kilifanya hivyo mwishoni: resori zilikwenda kwa mufua chuma, nyuma ikawa pusupusu. Bado inatembea. Bado ni nyekundu.

Basi kesho, saa moja ya asubuhi, mbele ya jua kali, tutakwenda chini ya muembe. Mulete nyundo mbili, turnavisi, brosi ya chuma, ndoo ya maji, na magogo sita ya unene wa paja. Vijana wawili wafyeke majani usiku huu ukiwa na mwezi, na wafungue milango kwa fimbo. Watoto wabaki mbali. Mama wawili walioandika mauzo ya mwaka huu walete daftari, kwa sababu nataka namba za kweli za mifuko yenu, si zangu. Fundi wa muji akifika mbele yangu, mumukaribishe, lakini feza ikae pale ilipo.

Na kama kuna mutu anayejua jina la yule aliyeileta kamioneti hapa, ao anapokaa mutoto wake, aje kuniona jioni hii. Ninalala kwa mukubwa wa kijiji.